Tumebadili shokapu zote nne, mbona gari bado linarusha?

"Kaka fundi, habari za kazi. Nina Toyota Wish ya mwaka 2005, injini 1.8, ndiyo gari la familia. Tulipolinunua lilikuwa linakwangua kwenye matuta, fundi wa mtaani akaliinua kwa kuweka mipira kwenye springi, mbele na nyuma. Baadaye mume wangu akatoa rimu za 15 akaweka za 17. Tangu hapo gari limekuwa gumu, tukipita kwenye rasta meno yanagongana. Mwezi uliopita tukaambiwa shokapu zimekufa. Tukanunua nne mpya, na bushi za mbele zikabadilishwa siku hiyo hiyo. Hali ni ile ile, na nyuma naona imezidi. Mama mkwe hukaa siti ya nyuma kabisa, analalamika mgongo. Mtoto wangu wa miaka mitano anatapika kila tukitoka nje ya mji. Upepo tunajaza 40 kwa sababu gari linabeba watu. Desemba tunakwenda Moshi. Sasa fundi anasema tununue na springi. Nimechoka kutoa hela. Tatizo ni nini?"

Dada yangu, pole sana. Naona kinachokuuma si mtikisiko peke yake, ni kutoa hela mara tatu na gari likabaki vile vile. Basi neno langu la kwanza ni hili: hela ya springi iweke kwanza. Huenda ukaihitaji, huenda usiihitaji, lakini leo hakuna anayeweza kujua, kwa sababu ndani ya gari lako kuna mambo matatu yanayoficha ukweli. Sijaligusa gari hilo kwa mkono wangu, ila umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja gereji na gari lenyewe.

Watu wakisema gari linarusha huwa wanamaanisha vitu tofauti. Kuna gari linalonesa: ukipita tuta linaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi, hilo shokapu zake zimechoka. Kuna linalogonga, unasikia "ko, ko" chini ukikanyaga shimo, hapo tafuta kiungo kilicholegea. Kuna linalotetemeka kwenye lami safi ukifika mwendo wa 80 au 100, ukipunguza linatulia, na hilo mara nyingi ni balansi ya magurudumu au tairi lililoharibika. La kwako ni aina ya nne, gari gumu. Kila kijiwe unakihisi kwenye kiti. Gari gumu halitibiwi kwa shokapu mpya, na hapa ndipo mlipopoteza hela.

Wengi wanaamini shokapu ndiyo inayobeba gari na kumeza mshtuko. Sivyo. Anayebeba gari ni springi. Gurudumu likipanda tuta, springi inabonyea, na mshtuko unaishia humo. Lakini springi ina tabia moja: ukiibonyeza na kuiachia, haisimami, inadunda. Shokapu iko pale kuizuia isiendelee kudunda. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye oili kupitia vitundu vidogo, na oili inakataa kupita haraka, kwa hiyo ule mwendo unageuka kuwa joto. Endesha dakika ishirini kwenye barabara ya vumbi, simama, kisha gusa mwili wa shokapu kwa tahadhari. Utaikuta ya moto. Ukikuta moja imepoa kuliko mwenzake wa upande wa pili, hiyo ndiyo ya kutilia shaka.

Sasa unaona kwa nini nyuma pamezidi. Shokapu za zamani zilikuwa zimechoka, zinaliachia gurudumu lipande na kushuka zitakavyo, na ulegevu huo ulikuwa unaficha ugumu wa vitu vingine. Mmeweka mpya zinazokaza mwendo vizuri, ugumu wote umejitokeza. Shokapu hazina kosa, na mlichonunua hakijapotea: ugumu wenyewe ukiondoka, hizo ndizo zitakazolituliza gari. Usikubali mtu akwambie uzirudishe dukani.

Gari lina sehemu tatu zinazotoa ulaini: ubavu wa tairi, koili za springi, na mpira wa bushi. Zote tatu zinafanya kazi kwa kukunjika kidogo kila gurudumu linapogonga kitu. Kwa maelezo yako, gari lenu limenyang'anywa zote tatu, moja baada ya nyingine, kila mara kwa nia njema.

Anza na tairi, maana hapo hutumii hata shilingi. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko cha kiwanda, pengine kwa Kijapani, lakini namba zinasomeka. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwa kPa. Ukiona 230, hiyo ni kama psi 33, kipimo mnachojazia ninyi. Ukiona 220, ni kama psi 32. Ninyi mnajaza 40, ambayo ni karibu kPa 276. Tairi lenye upepo huo linakuwa kama mpira wa kikapu uliojazwa sana: likigonga jiwe halimezi kitu, linapeleka kipigo chote juu. Tena linashika lami kwa eneo dogo la katikati, na hilo kwenye mvua ni hatari. Najua mmeambiwa mzigo unataka upepo. Ni kweli kwa kiasi, ndiyo maana baadhi ya vibandiko vina namba mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Kifuate kibandiko. Na ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni ukomo ambao tairi lisivuke, si kipimo cha kujaza. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi la moto linadanganya kwa kuonyesha upepo mwingi.

Halafu hizo rimu. Tairi la kawaida la Wish yenye rimu 15 ni 195/65R15. Namba ya katikati inamaanisha ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani kama milimita 127 za mpira kati ya rimu na lami. Hujaniambia tairi za sasa ni saizi gani, lakini wengi wanaoweka rimu 17 huvalisha 215/45R17. Kama ndiyo hizo, ubavu umebaki kama milimita 97. Mmepoteza sentimita tatu za ulaini kila kona. Tena wengi hudhani rimu kubwa inainua gari. Piga hesabu: tairi hilo zima lina kipenyo kidogo kuliko la zamani, na gari limeshuka karibu nusu sentimita. Mlikuwa mnakimbia matuta, mkayasogelea.

Kuna jambo lingine kwenye tairi hizo linalonitia wasiwasi zaidi ya ulaini, hasa kwa safari ya watu saba. Baada ya saizi utaona namba na herufi, mfano 91H. Namba hiyo ni uwezo wa kubeba. 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 87 ni kilo 545. Chukua tochi ya simu, usome kwenye tairi zako zote nne. Ukikuta 87 mahali ambapo kiwanda kiliweka 91, kila tairi limepungukiwa kilo 70, na gari hilo unataka kulipeleka hadi Moshi likiwa limejaa, mchana wa jua la Desemba. Hapo sizungumzii starehe tena. Soma pia namba nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na likawa limekauka kwa uzee.

Sasa ile mipira kwenye springi. Nimeshaitoa kwenye magari mengi, naijua hata kabla ya kuinama. Fundi anachukua kipande kinene cha mpira, anakipachika katikati ya koili mbili, gari linapanda. Linapanda kwa sababu zile koili mbili haziwezi tena kukutana. Lakini springi inabonyea kwa kugawana mzigo kwenye koili zake zote, na ukizizuia baadhi, zilizobaki zinafanya kazi ya wote. Springi yenye koili sita zinazofanya kazi ukiiachia nne, inakuwa ngumu mara moja na nusu, chuma kile kile. Na kuna hasara ya pili isiyosemwa: gari likiinuliwa hivyo, shokapu inakaa imevutika muda wote, karibu na mwisho wa urefu wake. Gurudumu likidondoka shimoni, shokapu inafika ukomo kabla gurudumu halijagusa chini, na unasikia kishindo kimoja kikavu. Ukikisikia gurudumu linapodondoka shimoni, jua ni hicho.

La tatu ni bushi, na hili naomba nikae nalo, kwa sababu ndilo ambalo mafundi wengi hatukufundishwa. Bushi ya wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, ni bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, na katikati mpira uliogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Bolti ikikazwa, lile bomba la ndani linabanwa kabisa lisizunguke. Wishboni ikipanda na kushuka, kinachozunguka ni mpira wenyewe: unajisokota, kisha unarudi. Sasa fikiria fundi amepiga jeki, magurudumu yananing'inia, wishboni imeinama chini. Anaweka bushi mpya, anakaza bolti hapo hapo, anashusha gari. Gari likikaa chini, wishboni inapanda kwenye nafasi yake ya kawaida, na mpira unasokotwa hata kabla gari halijatembea. Unabaki hivyo usiku na mchana, ukivuta kurudi ulikokazwa. Umekuwa springi ya ziada ambayo hakuna aliyeiomba. Gari linakuwa gumu, na bushi mpya inachanika kabla ya wakati wake, mwenye gari analaumu duka la spea.

Nilifunga bushi kwa namna hiyo miaka yangu ya mwanzo, hadi siku mzee mmoja gereji alipochukua chaki akachora mstari kwenye bushi, kuanzia bomba la nje hadi la ndani, gari likiwa juu ya jeki. Tukalishusha. Mstari ulikuwa mmoja, ukawa vipande viwili vilivyoachana kwa upana wa kidole. Sijakaza tena bolti ya wishboni gari likiwa linaning'inia.

Dawa yake haihitaji spea. Gari lisimame kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, bolti za bushi zilegezwe, gari litikiswe mara kadhaa likae sawa, kisha zikazwe likiwa limesimama hivyo hivyo. Bushi zako ni za mwezi mmoja, huenda bado hazijachanika. Lakini kazi hiyo ifanyike baada ya kutoa mipira ya springi, si kabla, maana urefu wa gari utabadilika na bushi zitasokotwa upya.

Kuna swali moja la kumuuliza aliyefunga shokapu: "Ile mipira ya kikomo uliirudisha?" Kwenye rodi ya shokapu huwa kuna kitu kama sifongo ngumu, kinachozuia chuma kisigonge chuma springi ikibonyea hadi mwisho. Kwenye gari la umri huu mara nyingi ukiishika inavunjika mkononi kama mkate uliokauka, fundi anakung'uta makombo, anafunga shokapu mpya bila hiyo. Hamtaona tofauti mkiwa wawili garini. Mkiwa saba, nyuma patagonga kila tuta. Kama hazipo, zinunuliwe, ni spea ndogo.

Nikirudi kwa fundi wako anayesema springi: hajakosea kabisa. Springi za mwaka 2005 huenda zimelala kweli. Ila huwezi kuzipima zikiwa zimejazwa mipira. Kwa hiyo mtoe mipira kwanza, gari likae kwenye usawa, mchukue futi ya fundi nguo mpime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Pande mbili zikipishana sana, au nyuma kukilala wazi gari likiwa tupu, hapo springi ni haki yake. Mulika pia koili ya chini kabisa, ndiko springi hukatikia, na kipande hukaa mle mle pasipo kuonekana kwa juu.

Najua utaniuliza, "Na matuta je?" Swali la haki. Wish ni gari la chini, na barabara zetu za mtaani hazikulifikiria. Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kurudi kwenye hali ya kiwanda, tairi za 15, springi nzima zisizo na mipira, na kupita tuta taratibu kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia. Familia nyingi zinaishi hivyo. Ya pili, kama njia ya kwenu ni mbaya kiasi kwamba gari linagusa hata hivyo, ni kununua springi ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuliinua gari hilo, zikiwa na shokapu za urefu unaolingana, na kupiga alaimenti baadaye, yaani kunyoosha magurudumu. Hiyo ni ghali, na hata ikifanywa vizuri, gari halitakuwa laini kama la kiwanda. Ningekuwa mimi ningechagua ya kwanza. Rimu za 17 ziuzwe au ziwekwe stoo. Mwambie shemeji si kwamba zimekuwa mbaya, ni kwamba zilikuwa za gari linalobeba watu wawili kwenye lami.

Kuhusu bibi na mtoto, hayo ni mambo mawili tofauti. Siti ya nyuma kabisa iko karibu na ekseli ya nyuma, na kila gurudumu la nyuma linaporuka, anayekaa pale ndiye anayepigwa kwanza. Mhamishie mama mkwe siti ya mbele leo hii, kabla hujatengeneza chochote. Maumivu yakiendelea hata siku ambazo hajapanda gari, akaonwe na daktari, msilisingizie gari. Mtoto kutapika, kwa upande mwingine, hakuletwi hasa na ugumu. Kichefuchefu cha safari huletwa zaidi na miyumbo ya polepole, kona na breki za kushtukiza, pale macho yanapoangalia simu au mgongo wa kiti huku mwili unahisi mwendo. Gari likilainika sana linaweza hata kumzidishia. Mweke siti ya katikati mahali anapoona mbele kupitia kioo, bila simu, dirisha wazi kidogo, na dereva asikimbize kona.

Yapo mambo ambayo hayangojei ushauri wa kuandika. Ukiona tairi limeota nundu ubavuni, usilitembeze. Ukikuta shokapu mpya imelowa oili hadi vumbi limegandana, irudishwe. Usukani ukivuta upande, au ukisikia mlio wa kugonga mbele unaoongezeka siku hadi siku, nenda gereji siku hiyo hiyo, maana boljointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu kwenye wishboni, ikichomoka gurudumu linalala. Fundi anaweza kukuonyesha mbele ya macho yako: gurudumu likiwa juu, alishike juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia. Gurudumu zima halitakiwi kucheza. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, liwekwe kwenye stendi.

Basi kazi yenu iende hivi. Kesho asubuhi shusheni upepo hadi kipimo cha kibandiko, mpite ile njia yenu ya kila siku mkiwa watu wale wale. Msishushe chini ya hapo kutafuta ulaini zaidi, hasa mkiwa bado na tairi za ubavu mfupi, maana shimo moja litapinda rimu. Jumamosi mipira ya springi itolewe, bushi zilegezwe na kukazwa gari likiwa chini, na mipira ya kikomo ikaguliwe. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mkimaliza, gari litembee siku mbili tatu, ndipo mpime urefu wa springi na kupiga alaimenti. Tairi za 15 zifuate hela ikipatikana, lakini kama mlisoma 87 kwenye zile mlizonazo, zipatikane kabla ya safari ya Moshi.

Ukiwa gereji, simama pale pale fundi anapokaza bolti za wishboni, uangalie magurudumu. Yakiwa yananing'inia hewani, mwambie kwa upole, "Kaka, naomba kwanza tulishushe chini."